Falsafa Si Elimu ya Bure

Kuna mstari mmoja wa Biblia ambao sisi tunaofundisha falsafa katika Nyanda za Juu Kusini tumerushiwa mara nyingi kuliko mwingine wowote. Ni Wakolosai 2:8. Tumesomewa mstari huo na wazee wa kanisa Mbeya mjini, tumesomewa na wainjilisti Ilula, na safari moja tulisomewa na mchungaji tuliyepanda naye basi kutoka Iringa. Alituuliza tunafundisha nini. Tulipomjibu, alifungua Biblia yake kabla basi halijafika Mafinga.

Tunamheshimu mchungaji yule, na hatuna shaka na nia yake. Lakini tunasema wazi kwamba mstari huo umegeuzwa fimbo, na fimbo hiyo inawapiga watoto wetu wenyewe. Katika Union Version wafasiri hawakuandika neno falsafa mahali pale, ingawa ndilo lililomo katika Kigiriki. Waliandika elimu, wakaiita ya bure. Basi Mkristo anayesoma kwa haraka hudhani Mtume amelaani kazi yote ya kufikiri. Hasha! Paulo anaonya juu ya mafundisho matupu yanayomfanya mtu mateka. Na ni nani anayetekwa upesi kwa maneno? Ni yule asiyejua kuyapima. Paulo huyo huyo, katika Matendo 17, alisimama Athene akahojiana na Waepikureo na Wastoiko, tena akawataja washairi wao. Angewezaje kuwajibu kama asingejua walichokuwa wakifundisha?

Hoja yetu ni moja. Kanisa linalokimbia falsafa haliwalindi waumini wake wasitekwe. Linawakabidhi kwa watekaji wakiwa wamefungwa mikono.

Hakuna awezaye kusema Kanisa katika mikoa hii halipendi elimu. Miaka 50 iliyopita hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja kati ya Iringa na Mbeya. Leo Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, kilichoanza kama sehemu ya Tumaini, na kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha. Mbeya kuna TEKU cha Wamoravian, kilichopewa jina la Askofu Teofilo Kisanji. Serikali nayo ina Mkwawa upande mmoja na MUST upande wa pili. Sadaka za wakulima zimo katika kuta za vyuo vyetu. Tumshukuru Mungu.

Sasa ingia chuoni uulize falsafa iko wapi. Mara nyingi utaoneshwa kozi moja ya muhula mmoja, imebanwa mwisho wa ratiba, anafundisha yeyote aliyepungukiwa na vipindi. Idara ya falsafa iliyosimama kwa miguu yake, yenye wahadhiri wake, rafu zake maktabani na wanafunzi wa uzamili wanaotafiti, ni kitu adimu katika nchi nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Falsafa na Masomo ya Dini. Ndugu zetu Wakatoliki wana seminari kuu kama Ntungamo na Kibosho, ambako kijana husoma falsafa kabla ya kugusa teolojia, kwa kuwa sheria ya kanisa lao inamdai miaka miwili kamili ya somo hilo. Sisi wa Kilutheri na Kimoravian, ambao kila Mkristo kwetu anaambiwa asome Biblia mwenyewe na kuielewa, ndio tulioliacha somo linalomfundisha mtu kuelewa anachosoma.

Hata pale falsafa ilipopewa kona, utafiti wake hunyongwa kabla haujazaliwa. Tulimfahamu binti mmoja kutoka Rungwe aliyesoma katika chuo ambacho hatutakitaja. Alitaka kuandika tasnifu juu ya jambo alilolisikia kwa bibi yake, ambalo Wanyakyusa wanalifahamu vizuri: pumzi ya watu. Mtu akikosa, akawatelekeza wazazi, akawanyima wenzake haki yao, majirani hunung'unika, na ilisadikiwa kwamba manung'uniko yao humshukia kama baridi, naye akaugua. Binti yule hakutaka kuhesabu ni wangapi bado wanaamini. Aliuliza maswali mengine. Je, majirani wale wana haki ya kuhukumu? Adhabu hiyo inatofautianaje na uchawi, ikiwa zote mbili humdhuru mtu bila kumgusa? Asiye na hatia akiugua, nani atamtetea? Na sisi tunaosema kila Jumapili kwamba tumesamehewa, tumeiondoa pumzi ile au tumeihamishia kanisani, katika vikao vya wazee na minong'ono ya kwaya?

Alipofika mbele ya kamati aliulizwa: "Sampuli yako ni watu wangapi? Dodoso liko wapi?" Alijaribu kueleza kwamba swali la haki halijibiwi kwa asilimia. Aliambiwa mwongozo wa chuo unataka usuli wa tatizo, sampuli, zana za kukusanya data na majedwali. Mwisho aliandika juu ya changamoto za mikopo midogo kwa akina mama, akapata alama nzuri, akahitimu. Hatuidharau mikopo ya akina mama. Lakini swali lile la Rungwe limelala mpaka leo, na waliolizika walidhani wanalinda ubora wa utafiti.

Mtu atasema, swali la binti mmoja lisipojibiwa, nani atakufa? Ndugu msomaji, hebu tukumbushane. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zetu walipanga foleni Samunge, Loliondo, wakanywe kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe. Wako waliotolewa vitandani hospitalini ili wapelekwe huko. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, hapa hapa jirani Njombe, watoto wadogo waliuawa, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu.

Hatusemi kwamba kozi ya mantiki ingezuia yote hayo. Muuaji hazuiwi na silojia, na mgonjwa aliyekata tamaa hatulizwi kwa Aristotle. Tena wako wasomi waliokunywa kikombe kile, wenye digrii mbili na tatu. Hilo ndilo linalotutisha. Digrii walikuwa nazo. Walichokosa ni mazoea ya kuuliza maswali mepesi. Fulani amepona, umejuaje? Kama amepona, umejuaje ni kwa sababu hiyo? Wasiopona wako wapi, na mbona hawapewi kipaza sauti? Anayesema ametumwa na Mungu apimwe kwa kipimo gani? Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne, ametuagiza kuzijaribu roho. Tumelihubiri agizo hilo tangu tukiwa shule ya Jumapili, lakini hatukuwafundisha vijana kazi yenyewe ya kujaribu. Ni sawa na kumwagiza mtu akapime mahindi bila kumpa mizani.

Wapo wanaotuambia: "Falsafa itawapotezea vijana imani." Tunawajibu kwa historia ya nyumbani. Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, nyuma yao walikuwa na babu wa kiroho aliyeitwa Jan Amos Comenius. Alizaliwa mwaka 1592, akawa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wanalihesabu kuwa shina lao. Vita ilimfukuza nchini mwake, akafia ugenini mwaka 1670. Alikuwa mwanafalsafa. Ndiye aliyeshikilia kwamba mambo yote yafundishwe kwa watu wote, wavulana kwa wasichana, tajiri kwa maskini, na mwaka 1658 akatoa kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto. Basi Mmoravian wa Mbeya anayesema falsafa si ya kwetu amemsahau babu yake.

Upande wa Walutheri ni hivyo hivyo. Ni kweli Luther alimshambulia Aristotle kwa maneno makali mwaka 1517. Lakini alimshambulia mtu aliyemsoma na kumfundisha. Huko Worms mwaka 1521 alikataa kukana maandishi yake mpaka ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Ametaja vyote viwili. Sisi tumebaki na kimoja, tena tunakishika kwa mkono mmoja.

Kuna na kisa kingine ambacho viongozi wa vyuo wangekiweka ukutani. Mwaka 1785 kijana Friedrich Schleiermacher aliingia seminari ya Wamoravian huko Barby, Ujerumani. Alikuwa na maswali mazito juu ya mafundisho ya imani. Waalimu wake, watu wacha Mungu, waliona usalama uko katika kuwaficha wanafunzi vitabu vya wanafikra wa wakati ule. Wanafunzi wakavisoma kwa siri. Mwaka 1787 akaondoka Barby kwenda chuo kikuu cha Halle, akiwa amejeruhiwa moyoni na kugombana na baba yake. Baadaye akawa mmoja wa wanateolojia wakubwa wa Ulaya, na hata uzeeni hakuacha kuwashukuru Wamoravian waliomfundisha kusali. Barby haikupoteza imani ya kijana yule kwa kumfundisha falsafa. Ilimpoteza kijana mwenyewe kwa kukataa kukaa naye katika maswali yake. Ni wangapi wetu wanaondoka hivyo leo, kimya kimya, bila hata kutuaga?

Wengine husema: "Falsafa ni mambo ya Wazungu." Hoja hii inatuumiza zaidi kwa sababu wageni wenyewe waliikataa kabla yetu. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi na Wasafwa jirani na Mbeya, alitoa kati ya 1926 na 1929 kazi kubwa ya majuzuu matatu juu ya Wasafwa, na katika jina lenyewe la kitabu akaahidi kueleza maisha yao na fikra zao. Monica Wilson, binti wa wamisionari wa Afrika Kusini, aliandika vitabu kadhaa juu ya Wanyakyusa, na pumzi ile ya watu imo humo. Basi Mjerumani aliona kwamba Msafwa anafikiri, akaandika. Mtoto wa Msafwa anapofika chuo kikuu cha kanisa lake anaambiwa hakuna cha kutafiti, mpaka alete dodoso.

Na Waafrika hawakukaa kimya. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichambua kuwako kwa vitu kwa kufuata shina la lugha zetu, lile linalotupa mtu na kitu, umundu kwa Kinyakyusa na munu kwa Kihehe. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee vijijini, akawatafuta hasa wale ambao hawakuishia kueleza mila bali waliihoji. John Mbiti, kasisi Mwanglikana wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno yetu sasa na zamani, akadai kwamba katika fikra za asili za Mwafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Wengi wamembishia. Je, Nyanda za Juu Kusini hazina la kusema katika ubishi huo? Mzee wa Mufindi apandaye mipaina leo, akijua watakaouza mbao ni wajukuu wake, anaishi katika wakati gani? Na waliotuachia methali kwamba akiba haiozi walikuwa wakitazama wapi? Huo ni utafiti. Unahitaji mwanafunzi mwenye masikio, msimamizi aliyesoma, na mzee wa Mufindi. Hauhitaji fedha za wafadhili.

Yupo wa tatu, na huyu hatumjibu kwa ukali, kwa sababu ana haki. Ni mzazi. Mzee mmoja wa Uyole, aliyesomesha watoto kwa magunia ya viazi, alimuuliza mwanawe mbele yetu: "Mwanangu, hiyo falsafa italipa ada ya wadogo zako?" Kijana alinyamaza, nasi tulinyamaza. Ni swali la mtu anayejua bei ya mbolea. Hatumwahidi mzee yule kwamba falsafa ina ajira nyingi. Tungekuwa tunauza upako wetu wenyewe. Wala hatutaki kila kijana achukue digrii ya falsafa. Tunataka mwalimu, mhasibu, mwanasheria na mchungaji, kila apitaye katika chuo cha Kanisa, atoke akijua kutofautisha hoja na kelele. Mzee yule anapoletewa mkataba wa shamba auweke dole gumba, atamhitaji mtoto wa namna hiyo. Siku akiambiwa na nabii kwamba viazi vyake vimeoza kwa sababu ya uchawi wa dada yake, atamhitaji zaidi.

Tukiri na dhambi yetu, tusije tukawanyoshea wengine kidole tu. Sisi waalimu tumechangia dharau hii. Tumesoma madesa yale yale mwaka hadi mwaka. Tumewakaririsha vijana majina ya Wagiriki kwa Kiingereza ambacho wao na sisi tunakichechemea, kisha tukawatungia mtihani wa kutaja sifa tano za hiki na hasara nne za kile. Mwanafunzi aliyetubishia tumemwita mjeuri. Falsafa ya kukariri nayo ni elimu ya bure, na kama mchungaji wa kwenye basi aliiona hiyo, basi alikuwa na haki ya kufungua Wakolosai. Lugha yetu haina upungufu huo. Euphrase Kezilahabi aliuliza maswali mazito kabisa ya kuwako, ukweli na Mungu kwa Kiswahili, katika Nagona na Mzingile. Kilichopungua ni ujasiri wetu darasani.

Kwa hiyo tunawaomba baba zetu maaskofu, wakuu wa vyuo na mabaraza yao mambo matatu, wala hayahitaji jengo jipya. La kwanza, kozi ya mantiki na kozi ya maadili ziwe za lazima kwa kila mwanafunzi, zifundishwe na waliozisomea, kwa majadiliano ya vikundi vidogo na si kwa kipaza sauti mbele ya umati. La pili, kamati za utafiti zitambue kwamba kuchambua dhana, kupima hoja na kuhojiana na wazee ni utafiti halali, na mwongozo wa tasnifu uandikwe hivyo, ili binti mwingine wa Rungwe asifukuzwe na dodoso. La tatu, kama kila kanisa peke yake haliwezi kubeba idara nzima, tuibebe pamoja. Iringa na Mbeya hazifiki kilomita 400 kwa barabara. Wakatoliki wana waalimu na mapokeo marefu. Wamoravian wana kumbukumbu za Rungwe na Utengule. Walutheri wana maktaba na wanafunzi. Tunashirikiana kuzika na kuchangia harusi. Tushindwe kushirikiana kufikiri?

Tunajua jibu tutakalopewa kwanza: hakuna bajeti. Tunalipokea, lakini tunaomba lisemwe kwa ukweli. Bajeti hupatikana kwa kile tunachokiogopa kukikosa. Tumeogopa kukosa kwaya, tukanunua vyombo. Tumeogopa kukosa wanafunzi, tukafungua kozi za biashara. Hatujaogopa bado kukosa watu wanaoweza kumsikiliza nabii na kusema, kwa upole na bila hofu, "Baba, hilo halifuati."

Mchungaji wetu wa kwenye basi alishuka Makambako. Kabla hajashuka alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Sasa ninyi, mkiwafundisha kuuliza kila kitu, watamwabudu nani?" Tulimjibu kwamba Ayubu aliuliza zaidi ya rafiki zake wote watatu, na mwisho Bwana akasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa. Mchungaji alicheka, akatushika mkono, akasema atakwenda kuisoma tena. Tunatumaini aliisoma. Vyuo vyetu navyo viisome.